Kireno kina irabu tano tu, mbona sizisikii?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko Igoma hapa Mwanza, najifunza Kireno kwenye simu maana shemeji yangu kaniitia kazi Msumbiji. Kitabu kinasema irabu ni a, e, i, o, u, nikasema hapa mteremko, lakini video za watu wa Lisbon nusu ya irabu sizisikii kabisa, za Wabrazili afadhali. Tatizo simu au masikio?

JIBU: Masikio mazima kabisa ndugu yangu, hizo tano ni herufi tu. Kwenye silabi yenye mkazo Kireno kina irabu 7, kwa sababu e ziko mbili na o ziko mbili, moja unaachia mdomo na nyingine unabana kidogo, na maana inabadilika palepale: avó ya kuachia ni bibi, avô ya kubana ni babu, we mkosee mzee wa watu uone. Hapo angalau wameweka alama, maana sede ukiachia e ya kwanza ni makao makuu, ukiibana ni kiu, na zinaandikwa vilevile! Kama kwenu mnaongea Kisukuma, nacho kina irabu 7, ila zile za ziada zimekaa upande wa i na u, kwa hiyo sikio limeshazoea msongamano ila mdomo ndo utaanza upya.

Bado za puani, nazo 5. Vi ni niliona, vim ni nilikuja, na hiyo m usifunge midomo, inakwambia tu upitishe pumzi na puani.

Sasa huko kumeza. Sisi irabu hata isiyo na mkazo tunaitoa nzima, mtu wa Lisbon anailegeza, o ya mwisho inakuwa u, e inafifia mpaka inapotea, telefone unasikia kitu kama "tlfon". Mbrazili naye mwishoni o anaifanya u na e anaifanya i, ila za katikati anakutamkia, ndo maana unampata.

Msumbiji shuleni wanafuata Kireno cha Ureno, lakini wengi wamekulia Kimakua na lugha nyingine za Kibantu kwa hiyo hawamezi sana. Mimi ningeachana na Lisbon kwa sasa nikasikiliza redio za Msumbiji, na kila neno jipya unaliandika na mkazo wake, maana wao haukai silabi ya pili kutoka mwisho kila mara kama wetu.