Kabla hujapiga ribiti hiyo kaboni, soma yaliyonikuta

Weka drili chini! Nimesoma swali lako mara mbili: Subaru, trei ya nyuzi za kaboni (bamba la kufunika tumbo la gari), ribiti za alumini (vile vipini vya kufungia), tena unataka kujua tairi gani na ekzosi gani ili liwe jepesi "kama McLaren F1", lile gari la kasi la miaka ya 1990. Na uko Malindi. Mimi pia niko Malindi, na nilifanya vivyo hivyo.

Aliyenitia shimoni ni fundi mmoja wa Mombasa. "Kaboni haishiki kutu, kaka, funga usahau." Kweli haishiki, inawaambukiza wenzake tu! Kaboni inapitisha umeme. Ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, hapo umeunda betri, na inayoliwa ni alumini. Ribiti yenyewe ni kama punje ya mahindi, kaboni sinia zima, kwa hiyo ulaji wote unaiangukia ile punje. Hilo hakulisema. Pesa alizihesabu vizuri sana.

Gari langu lilikuwa likilala Casuarina, kusi inalipuliza usiku kucha. Mwezi wa tano nikaona unga mweupe kwenye vichwa vya ribiti. Nikasema chumvi hiyo, kumbe ni alumini inayoliwa, nikapangusa, nikaendelea kujidai mtaani. Mwezi wa nane, karibu na Gede, nasikia kama mtu anaburura mabati. Trei imeachia mbele, imekwangua lami, imejikunja na kung'oa bomba la breki. Pedali ikazama, breki zikabaki nusu; nilisimama kwa breki ya mkono na dua za mama. Ribiti niliyookota ilivunjika vidoleni kama biskuti. Shilingi elfu 85, na kuchekwa sijakuhesabu.

Ukweli niliupata kwa nahodha wa boti ya uvuvi. Alinionyesha kipande cha zinki chini ya boti yake, kimeliwa nusu. "Hii inaliwa ili shafti isiliwe. Wewe zinki zako ni zile ribiti, nazo ndizo zilizokuwa zimeshika trei."

Na hiyo McLaren unayoitaja, mbunifu wake Gordon Murray hakubandika kaboni juu ya bati. Kaboni ndiyo chasisi yenyewe inayobeba mzigo. Ndipo gari lenye injini ya V12 ya BMW likawa na kama kilo 1,140, na mwaka 1998 likafika kilomita 386 kwa saa. Trei yangu ilinipunguzia kilo mbili na ushei. Kulitoa tairi la spea kungenipunguzia zaidi, bure!

Ukishikilia, basi kaboni na alumini ZISIGUSANE. Laza kitambaa cha faibaglasi na gundi ya epoksi katikati, ziba mpaka ndani ya tundu, tumia skrubu za titani. Ndege ya Boeing 787, ambayo mwili wake ni wa kaboni, ina titani nyingi, na sababu mojawapo ni hii hii.

Ribiti ulizonunua rudisha dukani. Ukibisha, njoo uione trei yangu, nimefunikia banda la kuku. Kwa misumari ya kawaida.