Kwa mjane anayeuliza kama kupenda tena ni kumsaliti marehemu

Dada yangu, pole sana. Umeeleza kwamba mumeo alifariki miaka miwili iliyopita, kwamba ndugu mmoja wa kanisani kwenu hapo Goma ameonyesha nia ya kukuoa, kwamba bado unamwota marehemu na kuamka ukilia, na kwamba shemeji yako amekuonya kuwa ukikubali posa hiyo utatoka katika nyumba. Unauliza kama kumpenda huyu ni kumsaliti yule. Mimi ni mjane wa Bukavu niliyeolewa tena, na jibu langu ni hapana.

Wakati wa matanga sikuwa na nafasi ya kumlilia mume wangu ipasavyo, kwa sababu uani kulikuwa na turubai na viti vya kukodi, wanawake wa kwaya walilala sebuleni kwenye mikeka, na kila saa mtu aliniuliza chumvi iko wapi au nani anaandika michango. Huzuni yenyewe ilinikuta baada ya watu kutawanyika. Kwetu Kadutu, huko juu mlimani, mara nyingi maji huja usiku wa manane. Mume wangu ndiye aliyekuwa akisikia bomba linaanza kuvuma hewa. Alishuka kitandani bila kuwasha taa, akazipanga bidoni za maji, yale madumu ya plastiki, moja moja, na mimi nikiwa nusu usingizini nilijua kwa mlio wa maji kwamba ya njano imejaa na sasa anajaza ile yenye mfuniko uliopasuka. Baada ya mazishi bomba liliendelea kuvuma usiku, nami niliamka nikasubiri kusikia hatua zake. Sikulia makaburini kama nilivyolia pale, kwa sababu pale ndipo nilipoelewa kwamba upendo wetu ulikuwa umekaa ndani ya kazi ndogo ambazo hakuna aliyezitaja katika hotuba za msiba.

Watu watakushauri kwa namna mbili. Wengine watasema bado wewe ni kijana, msahau uanze upya. Wengine, hasa upande wa wakwe, watasema mke mwema hukaa na jina la mumewe hadi kaburini. Naziona kauli hizi kuwa ndugu, maana zote mbili zinadhani kwamba ili mmoja apendwe lazima mwingine aondolewe moyoni. Mimi sijaona hivyo. Mama aliyefiwa na kifungua mimba wake huwapenda watoto wake waliomfuata kwa moyo wote, na hakuna anayemwambia kwamba anamsaliti yule aliyelala. Kwa nini mjane adaiwe hesabu tofauti?

Kwa hiyo usijipime kwa ndoto wala kwa machozi, kwani hayo yatakuja hata ukiwa na furaha. Mpime mwanaume huyo. Litaje jina la marehemu mbele yake, simulia jambo mlilozoea kufanya pamoja, kisha mtazame. Niliyeolewa naye alinikuta nikilia usiku mmoja baada ya yeye mwenyewe kuamka kujaza maji. Aliniuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, akaketi akasikiliza mpaka alfajiri. Kama angenuna, nisingeishi naye kwa amani. Na usikubali posa ili tu machozi yakauke, kwa maana utamtwika binadamu mwenzako mzigo usio wake.

Kuhusu nyumba, shemeji hana mamlaka ya kukutoa. Kanuni ya Familia ya nchi yetu, Kongo, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyoishi pamoja na vyombo vyake. Isitoshe, kama mlifunga ndoa ya komine, yaani ya kiserikali, bila kuchagua utaratibu mwingine wa mali, mlichochuma pamoja ndani ya ndoa ni chenu wote wawili, na nusu yako si urithi bali ni mali yako. Hata hivyo, haki ya kutumia nyumba inaweza kukoma ukiolewa na kuishi na mume mpya humo humo ilhali marehemu ameacha warithi, na watoto ndio warithi wa kwanza. Ndiyo sababu sisi tulipanga nyumba nyingine, na ile ya marehemu tukaiacha kwa ajili ya wanangu.

Kabla ya kutoa jibu, kaa na watoto wako, mkubwa kwanza, wasije wakaisikia habari hii kwa baba mdogo wao. Kisha chukua cheti cha ndoa, cheti cha kifo na hati za kiwanja, umwone mwanasheria, nakala uzihifadhi nje ya nyumba hiyo. Mchumba akiona hatua hizi ni za kumchelewesha, mwache aende.