Deni hili ni la nani? (kwa anayechanganya kampuni, ubia na udhamini)

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini umekosa alama kwa kuandika "mwenye kampuni atalipa deni la benki", wakati hisa zote ni zake. Mwaka wa kwanza mimi niliandika hivyo hivyo. Mwalimu akazungushia "mwenye kampuni" wino mwekundu, pembeni akaandika neno moja: "Nani?" Nilinuna wiki nzima.

Fasili za kukariri ziweke kando kwanza. Ukikutana na swali la biashara, tafuta deni ni la nani na mali ni ya nani. Kwenye ubia wa kawaida ni rahisi: deni ni la wabia wenyewe, na mdai anaweza kuwafuata mpaka kwenye mali zao binafsi. Kampuni ikishasajiliwa, kisheria amezaliwa mtu mwingine. Anamiliki, anakopa, anashtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Wewe umebaki na hisa.

Kesi ya Salomon umeshaitajiwa, ila isome taratibu. Aron Salomon alikuwa mtengeneza viatu Uingereza. Mwaka 1892 aliiuzia biashara yake kampuni aliyoiunda mwenyewe. Sheria ya wakati ule ilitaka wanachama saba, basi akajiweka yeye, mkewe na watoto watano. Hisa 20,007; zake 20,001, wengine moja moja. Sehemu ya bei hakulipwa taslimu: kampuni ilibaki na deni kwake la pauni 10,000, lenye dhamana juu ya mali za kampuni. Biashara ikafa, mfilisi (anayekusanya mali za kampuni iliyokufa ili kulipa wadai) akadai kampuni na Salomon ni kitu kimoja, alipe yeye. Mahakama za chini zikamuunga mkono mfilisi. Mahakama ya juu kabisa ikakataa, mwaka 1896 (vitabuni utaona 1897, ndio mwaka wa ripoti).

Wengi hufurahia hapo wakafunga kitabu. Mimi naipenda zaidi kesi ya Macaura ya 1925, kwa sababu inakata upande wa pili. Jamaa aliiuzia kampuni yake mbao, halafu akazikatia bima kwa jina lake yeye. Moto ukala karibu zote. Bima haikumlipa: mbao zilikuwa za kampuni, na kuwa na hisa zote hakukumpa maslahi ya bima (haki ya kukatia kitu bima kwa kuwa hasara yake ni yako) kwenye mbao zenyewe. Ukilitaka pazia, yaani utengano wa kisheria kati yako na kampuni, siku ya deni, utalikuta limening'inia hata siku ya hasara.

Dhima yenye kikomo nayo huelezwa vibaya. Dhima ya kampuni haina kikomo, italipa mpaka senti ya mwisho iliyonayo. Chenye kikomo ni dhima ya mwanahisa: hisa ni ya 100, umelipia 60, unadaiwa 40, basi.

Nilipoanza kazi kwenye ofisi ya mawakili, alikuja mfanyabiashara mmoja na faili la mkopo, anatabasamu. "Kampuni ndiyo iliyokopa, mimi simo." Ukurasa wa mwisho wa mkataba ulikuwa na sahihi yake, chini yake "Mkurugenzi", na muhuri wa kampuni. Sawa kabisa. Nikafunua karatasi iliyofuata. Sahihi ile ile, safari hii bila cheo wala muhuri, na namba ya kitambulisho chake. Ilikuwa hati ya udhamini binafsi: kampuni isipolipa, atalipa yeye. Alisema alidhani ni nakala. Benki nazo zinamjua Salomon, kwa hiyo humsainisha mtu mara mbili.

Pazia hufunuliwa pia na mahakama, lakini kwa nadra, mfano kampuni ikiundwa ili kukwepa ahadi ambayo mtu alishaifunga. Soma Gilford Motor dhidi ya Horne, 1933.

Sasa rudi kwenye swali lako. Uliandika kwamba "Bwana X alisaini makubaliano na benki". Alisaini kama nani, na karatasi ngapi? Kama maelezo ya swali yana hati moja tu, yenye cheo chake, X hadaiwi.