Kobe akinyamaza, shituka

Mhariri, swali lenu la wiki hii lauliza: gari la kwanza likiwa kuukuu, raha yake iko wapi na vituko vyake ni vipi? Nalijibu kwa gari moja tu, Volkswagen Beetle, lile la mgongo wa kobe lenye injini nyuma. Anayelinunua leo huuziwa na ufundi humo humo, apende asipende.

Raha yake ni kwamba halina mengi ya kuficha. Hakuna rejeta, hakuna kompyuta. Injini imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne za spana 17, na mafundi wawili wanaolijua huishusha ndani ya saa moja. Spea nazo hazijaadimika, maana kiwanda cha Puebla, Mexico, kiliendelea kuliunda hadi Julai 2003.

Maji ya kupoza injini ya gari hili ni hewa. Feni imefungwa kwenye shafti ya dainamo inayochaji betri, na dainamo yazungushwa na mkanda mmoja. Kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, usijipe moyo kwamba betri itakufikisha. Simama hapo hapo, zima. Kama mkanda umekatika, feni nayo imesimama na injini inajikaanga. Mkanda mzima ukibonyezwa katikati kwa kidole gumba hushuka milimita 15 hivi. Ukilegea, fungua nati ya puli ya dainamo kwa spana 21, toa washa (kipete chembamba cha chuma) moja iliyo kati ya vipande viwili vya puli, uirudishe upande wa nje chini ya nati. Usiitupe, mkanda mpya utaidai.

Sasa valvu, na hapa ndipo wengi huua injini. Pima asubuhi, injini ikiwa imelala baridi usiku kucha. Kwa injini nyingi za cc 1300, 1500 na 1600, nafasi kati ya shina la valvu na skrubu ya kuirekebishia ni milimita 0.15. Zungusha puli ya chini hadi alama yake ikutane na mshono wa bloku, na rota (kijimkono kinachozunguka ndani ya distribyuta) ielekee kwenye kijialama cha ukingoni mwa distribyuta: hiyo ni silinda ya 1. Rekebisha valvu zake mbili, kisha rudisha puli nyuma, kinyume cha saa, nusu mzunguko kwa silinda ya 2, nusu nyingine kwa ya 3, kisha ya 4. Fila geji, kijibamba chembamba cha kupimia nafasi hiyo, ipite kwa kukwaruza kidogo. Shika skrubu kwa bisibisi wakati wa kukaza nati kwa spana 13, halafu pima tena, kwa sababu nati ikikazwa huivuta skrubu nayo.

Mgeni hutishwa na valvu inayogonga. Hiyo nafasi yake imepanuka tu; inakera, haiui. Ya kuogopwa ni iliyokuwa ikisikika jana na leo kimya. Shina lake limerefuka au kiti chake kimeliwa, nafasi imekwisha, haifungi sawasawa. Valvu hutua joto lake kwenye kiti. Isipokaa, huungua, na kichwa chake kikikatika hutoboa pistoni. Aghalabu huwa ya ekzosi ya silinda ya 3, kwa kuwa katika injini za kabla ya 1971 kipoza oili kimesimama njiani mwa hewa inayoiendea. Ndiyo maana kila kilomita 5,000 valvu zapimwa, gari lilie lisilie.

Siku hiyo hiyo mwaga oili. Ni lita 2.5 tu, na haina filta ya kubadilisha, bali chujio la wavu chini ya injini lenye nati sita ndogo za spana 10. Zikaze kwa mkono mwepesi. Anayezikaza kama nati za gurudumu hung'oa stadi (bolti iliyopandwa kwenye injini) pamoja na uzi wake. Papo hapo kunja kila mpira wa petroli kwa vidole. Ukiona nyufa, badilisha wote na klipu zake, kwani tone moja juu ya distribyuta lafaa kuwasha gari zima.

Betri iko chini ya siti ya nyuma. Ifunike vizuri, la sivyo abiria mzito atakalisha springi za siti juu ya nguzo zake, na moshi utaanzia chini yake. Anayenunua Mombasa au Tanga apige jeki ubavuni huku akitazama mwanya wa mlango. Ukibadilika, bati la chini limekwisha kwa kutu.

Upepo wa matairi nao una kituko. Kwa matairi ya radial, mbele psi 18, nyuma 27. Kijana wa pampu atakucheka na kukujazia 30 kote, kisha gari litayumba barabarani ulaumu usukani. Tairi la spea ndilo la kujazwa sana, hadi psi 42, kwa sababu katika Beetle nyingi upepo wake ndio unaosukuma maji ya kuoshea kioo.

Na mlango ukigoma kufunga, usiubamize. Shusha kioo kidogo kwanza hewa ya ndani ipate pa kutokea.