Maswali na Majibu: Mstari wa Muunganisho Ulionakiliwa Bila Kusomwa

Barua za safari hii zinahusu karibu zote mstari wa muunganisho, yale maneno machache yanayoielekeza programu kanzidata iko wapi na inaingiwa kwa masharti gani. Nimezifupisha. Waandishi wengi wa barua hizi wanaunakili mstari kutoka kwa mtu mwingine, wanabadilisha jina na nenosiri, kisha wanashangaa. Kila neno lililomo mle ni uamuzi, na usipolisoma, uamuzi huo umefanywa na mtu asiyeijua seva yako.

Shikamoo mwalimu. Programu yangu ya PHP na MySQL vipo kwenye seva moja ya Linux. Nikiandika localhost inagoma, nikiandika 127.0.0.1 inakubali. Si ni kitu kimoja? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Marahaba. Kwa mambo ya mtandao ni kitu kimoja, lakini kwa MySQL kwenye Linux sivyo. Ukiandika localhost, draiva, yaani kipande cha programu kinachoongea na kanzidata, huachana kabisa na TCP, ile njia ya mtandao, na kutafuta faili la soketi, mlango wa ndani wa kompyuta hiyo hiyo, ukiandika 127.0.0.1, hupita kwenye TCP, poti (namba ya mlango) 3306. Yaelekea PHP yako inalitafuta faili hilo mahali ambapo MySQL haikuliweka. Kama unataka kubaki na soketi, nami ningebaki nayo kwa sababu haihitaji poti yoyote kufunguliwa, itaje njia yake waziwazi. Kwenye Ubuntu kwa kawaida huwa hivi:

`mysql:unix_socket=/var/run/mysqld/mysqld.sock;dbname=shule;charset=utf8mb4`

Hiyo charset ya mwishoni, inayotaja namna herufi zinavyohifadhiwa, usiifute kwa kudhani ni pambo, wala usiifupishe iwe utf8, kwa maana utf8 ya MySQL kwa miaka yote imekuwa na kikomo cha baiti 3 kwa kila herufi, na siku mtumiaji atakapoandika emoji kwenye maoni yake utaniletea swali jingine.

Programu ya ghala letu la mahindi haiungani na kanzidata. Tatizo ni nini? (Msomaji, Kibaigwa)

Hukutaja kanzidata ni ya aina gani, wala ujumbe wa kosa unasemaje. Swali la namna hii halijibiki, nami nimelichapisha ili wenzako wasilitume tena. Ukirudi, niambie ni lipi kati ya haya linakupata. Ukikataliwa papo hapo, mara nyingi umeifikia kompyuta lakini hakuna kinachosikiliza kwenye poti uliyoitaja. Ukisubiri mpaka muda ukaisha, mara nyingi anwani si sahihi au faiwoli imekuzuia njiani. Ukiambiwa kwamba mtumiaji hatambuliki, basi umeshafika mlangoni na sehemu ya anwani haina kosa, kwa hiyo acha kuibadilishabadilisha.

Natumia PostgreSQL. Nenosiri langu ni sahihi kabisa, lakini programu inalalamika kwamba haioni seva, tena inataja jina la seva ambalo sijawahi kuliandika. (Mhasibu wa kiwanda cha alizeti, Singida)

Msomaji huyu ameambatisha nenosiri lake halisi. Hapa nimeweka la kubuni. Naye alibadilishe la kwake leo hii.

Mstari wake ulikuwa na sura hii: `postgresql://karani:Alizeti@2024#@10.0.0.5:5432/mauzo`. Katika mtindo huu wa anwani, alama ya @ ndiyo inayotenganisha utambulisho wa mtumiaji na jina la seva, na PostgreSQL huikomea @ ya kwanza inayoiona. Kwa hiyo nenosiri limekatwa likabaki Alizeti, na yote yaliyofuata mpaka kwenye nukta mbili yamesomwa kama jina la seva, ndilo hilo ambalo bwana mhasibu hajawahi kuliandika. Dawa yake ni kuandika alama hizo kwa namba zake: @ huwa %40, # huwa %23, : huwa %3A, / huwa %2F, na % yenyewe huwa %25. Mstari sahihi ni huu:

`postgresql://karani:Alizeti%402024%23@10.0.0.5:5432/mauzo`

Tahadhari ni kwamba kanuni hii ni ya mtindo wa anwani peke yake. Ukiipeleka kwenye mstari wa SQL Server, unaotenganisha vipande kwa nuktamkato, %40 itasomwa kama herufi tatu za nenosiri na utakataliwa. Huko kinacholeta balaa ni nuktamkato iliyomo ndani ya nenosiri: kwa .NET (mazingira ya programu ya Microsoft) unalifunga nenosiri ndani ya alama za kunukuu, na kwa ODBC (kiwango cha draiva za kanzidata) unalifunga ndani ya mabano ya mawimbi. Wapo wanaoshauri kuchagua nenosiri lisilo na alama yoyote ili kuepuka usumbufu. Nenosiri refu la herufi na tarakimu zilizochanganywa kibahati halina ubaya, lakini jina la zao pamoja na mwaka halifai hata likipambwa kwa alama zote za kibodi.

Namba za poti ni zipi? (Wasomaji kadhaa, Mpwapwa na Manyoni)

MySQL 3306, PostgreSQL 5432, SQL Server 1433, Oracle 1521, MongoDB 27017, na hata moja kati ya hizo haipaswi kuachwa wazi kwa intaneti nzima.

Baada ya kusasisha draiva, SQL Server ilianza kukataliwa kwa madai kwamba cheti chake hakiaminiki. Nimeongeza TrustServerCertificate=True na kila kitu kinafanya kazi. Nimemaliza? (Ofisa TEHAMA, Mtumba)

Hujamaliza, umenyamazisha lalamiko tu. Seva yako haijabadilika. Kilichobadilika ni draiva: kuanzia ODBC Driver 18, na kuanzia toleo la 4.0 la Microsoft.Data.SqlClient, usimbaji fiche (kuyafunga mazungumzo kwa siri) huwashwa hata usipoutaja, na cheti cha seva, kitambulisho chake cha kidijitali, hukaguliwa. Maneno uliyoongeza yanaiagiza programu ipokee cheti chochote itakachooneshwa. Mazungumzo yamesimbwa, ndiyo, lakini hujui unazungumza na nani, na mtu aliyejipenyeza kwenye mtandao wa ofisi anaweza kutoa cheti alichojitengenezea akakabidhiwa jina na nenosiri bila kuulizwa.

Kwenye kompyuta yako ya majaribio sina ugomvi nayo. Kwenye seva inayohudumia watu, weka cheti kilichotolewa kwa jina lile lile linaloandikwa baada ya Server=, na mamlaka iliyokitoa, hata ikiwa ni ya ndani ya ofisi, isajiliwe kwenye kila kompyuta inayoungana. Kama cheti kina jina la seva na mstari wako una namba ya IP ambayo haimo kwenye cheti, utakataliwa, na ni haki ukataliwe.

Watumiaji wa PostgreSQL wasicheke. Usipotaja sslmode, neno linalopanga usimbaji, chaguo lake la kawaida ni prefer, ambalo seva ikisema haina usimbaji hukubali kuendelea bila usimbaji na bila kukuambia. Hata require peke yake haikagui jina la seva. Kinachokagua ni verify-full.

Programu yetu ya zamani inatumia faili la Access la .mdb. Kwenye kompyuta mpya inasema Microsoft.Jet.OLEDB.4.0 haijasajiliwa. (Katibu wa AMCOS, Kondoa)

Jet, draiva ya zamani ya Access, ipo kwa biti 32 tu, na programu yako sasa inaendeshwa kwa biti 64. Ama uiendeshe kwa biti 32, ama usakinishe mrithi wake, ACE, ya biti 64 na kuandika Microsoft.ACE.OLEDB.12.0 mahali pa jina la zamani. Hujaniuliza, lakini nitasema: faili la Access lililowekwa kwenye folda ya pamoja na kuandikwa na makarani kadhaa kwa wakati mmoja linaweza kuharibika mtandao ukikatika katikati ya uandishi. Msimu wa ununuzi usiwakute hapo.

Kila mwisho wa mwezi programu ya SACCOS yetu huganda na kudai kwamba muda wa kupata muunganisho umekwisha. Nipandishe Max Pool Size hadi 1000? (Msomaji, Dodoma mjini)

Usipandishe. Usipotaja kitu, SqlClient hukupa akiba (ndiyo hiyo Pool) ya miunganisho 100, na SACCOS yenye makarani wachache haina kazi ya kuimaliza. Ikiisha, maana yake kuna sehemu ya msimbo inayofungua muunganisho na kutourudisha, hasa pale kosa linapotokea kabla ya mstari wa kufunga kufikiwa. Kuongeza kikomo ni kuongeza ndoo chini ya paa linalovuja. Tafuta kila mahali panapofunguliwa muunganisho, upafunge kwa using, neno la C# linaloufunga muunganisho hata kosa likitokea.

Kisha angalia jambo la pili, ambalo wengi hawalifahamu. Akiba hiyo hutunzwa kwa kila mstari wa muunganisho kama ulivyoandikwa. Mistari miwili inayotofautiana kwa mpangilio wa maneno tu ina akiba mbili, na programu inayochomeka jina la kila karani ndani ya mstari ina akiba kwa kila karani. Zote hizo zinaiangukia seva moja yenye kikomo chake. Huko MySQL kikomo cha kawaida ni 151, na kwa PostgreSQL ni 100, kwa hiyo anayepandisha upande wa programu peke yake anahamisha kosa tu.

Nimeweka mstari wenye root na nenosiri ndani ya config.php, nikaupandisha GitHub. Ila hifadhi ni ya faragha. Kuna ubaya? (Msomaji, Nzuguni)

Swali hili huja kila mara, na kila mara lina hiyo "ila". Ubaya upo. Faragha ya leo haimzuii mwenzako kunakili hifadhi kwenye kompyuta yake, wala haikuzuii wewe kuifungua kwa umma mwakani, na kufuta nenosiri kwenye faili hakulifuti kwenye historia ya Git, programu inayotunza matoleo ya faili zako. Badilisha nenosiri kwanza, historia utaisafisha baadaye. Mstari uuhamishie kwenye vigezo vya mazingira vya seva, au kwenye faili lililo nje ya folda ya tovuti na lisiloingia Git.

Halafu achana na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Programu inayosoma na kuandika majedwali manne haihitaji uwezo wa kufuta kanzidata nzima. Itengenezee mtumiaji wake, mpe SELECT, INSERT na UPDATE (kusoma, kuongeza na kubadilisha) kwenye majedwali hayo, na DELETE (kufuta) kama kweli inaihitaji. Kama mle ndani mna majina na namba za simu za wateja, fahamu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde.

Nimehamisha programu yangu ya SQLite kwenye folda nyingine. Inaungana vizuri, lakini inasema jedwali halipo. (Mwalimu wa sekondari, Bahi)

Umeandika jina la faili bila njia yake kamili, mwalimu, na kwa hiyo linatafutwa katika folda ambamo programu imeanzishwa. SQLite isipolikuta faili, kwa kawaida hutengeneza jipya tupu bila kukuuliza, na ndilo uliloungana nalo. Andika njia kamili. Kama unatumia Microsoft.Data.Sqlite, ongeza pia Mode=ReadWrite, nayo siku nyingine itakataa waziwazi badala ya kukutengenezea kanzidata usiyoihitaji. Lile faili tupu litafute ulifute, baada ya kuhakikisha kwamba ndilo lenye baiti 0.