Usikubali mtu wa kemisti aje kumtundika mama dripu nyumbani

Usifanye hivyo. Umesema mama amepimwa hapo Kondele, ana malaria, na kijana wa kemisti atakuja jioni kumtundika dripu kwa shilingi 2,500 kwa sababu "dawa ya mshipa haichezi kama vidonge". Umeuliza kama bei ni sawa, mama ale nini, na kama mdogo wako wa gredi ya nane anaweza kuilinda dripu wewe ukienda zamu ya usiku. Hilo la mdogo wako ndilo limenitoa kitandani.

Mwaka 2011 nililindishwa dripu. Baba alikuwa amelazwa kwenye zahanati ya binafsi nje kidogo ya Kisumu, malaria imemzidi. Siku hizo kwinini, dawa ya malaria, bado ilikuwa ikitumika sana. Waliichanganya kwenye chupa ya glukosi ya mililita 500, wakasema itaisha kwa saa nne. Mhudumu akatoka kwenda kula, akanionyesha kile kigurudumu kidogo kwenye mrija: "Ukiona inachelewa, legeza tu. Haina shida."

Saa kumi na moja jioni ikapita. Matatu za mwisho za Bondo zilikuwa zinajaza, na chupa bado ilikuwa zaidi ya nusu. Nikalegeza. Matone yakaacha kuwa matone, yakawa uzi mmoja mwembamba unaoshuka. Niliona vizuri kabisa, nikafurahi kwamba tutawahi.

Chupa iliisha hata nusu saa haijafika. Baba akasema masikio yanamlilia kama nyenje. Nikamjibu ni homa. Kisha jasho likamtoka mpaka shati likamganda kifuani, mkono wake ukawa baridi, akaanza kuniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Nesi aliyekuwa anapita na beseni alitazama ile chupa tupu, akaniuliza, "Nani amefungua hii?" Presha ya baba ilikuwa chini sana. Tulimkimbiza hospitali kubwa kwa Probox ya jirani, na walipompima, sukari ya damu ilikuwa 1.9, chini mno. Akakaa wodini siku 9. Mtamba wetu aliuzwa kulipa bili.

Daktari wa kule alinieleza, nami nakueleza. Kidonge hupita tumboni, kikaingia utumboni, kikapita kwenye ini, na kwa dawa nyingi ini hupunguza sehemu yake kabla haijasambaa mwilini. Inaingia kwenye damu kidogo kidogo. Ya mshipa hairuki hatua moja tu, inaruka zote. Chochote kilichomo kwenye sindano kiko ndani ya damu, chote, na haichukui hata dakika mbili kupita moyoni, mapafuni, moyoni tena, hadi ubongoni. Bado haijapata muda wa kusambaa kwenye misuli na viungo vingine, kwa hiyo moyo unaipokea ikiwa kali. Zile saa nne zilikuwa za kuipa dawa muda huo. Kwinini ikikimbizwa hushusha presha na kuvuruga mapigo ya moyo, na juu ya hayo huchokoza kongosho limwage insulini, sukari iporomoke. Tena hairudishwi. Hata kwa mtu mwenye afya, nusu ya kwinini huchukua kama saa 11 kutoka mwilini. Kwa mwenye malaria kali hukaa zaidi, kwa sababu ini linaloivunja nalo ni gonjwa.

Chupa ya mililita 500 kwa saa nne, kwa mrija unaotoa matone 20 kwa kila mililita, ni matone 42 kwa dakika. Hesabu hiyo tu! Yule mhudumu angeniandikia kiganjani kwa kalamu kabla hajaenda kwenye ugali wake. Simsamehi. Aliniachia moyo wa baba yangu kwenye kidole gumba, akaniambia haina shida.

Kwa hiyo muulize huyo kijana maneno haya haya: "Dawa hii inaingia kwa dakika ngapi, na nani atakaa hapa mpaka iishe?" Asipokupa namba, asiguse mkono wa mama. Kila dawa ina namba yake. Artesuneti, ambayo siku hizi ndiyo ya malaria kali, husukumwa polepole kwa dakika chache, na ikishachanganywa haihifadhiwi kwa baadaye. Seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, ya gramu 2 hutiririshwa kwa nusu saa au zaidi, na haichanganywi na dripu ya Ringer kwa sababu hufanya chembechembe na kalsiamu iliyomo humo. Potasiamu ikisukumwa mara moja husimamisha moyo. Yeye anaijua namba ya ipi?

Na akikuambia glukosi itampa mama nguvu: chupa ya mililita 500 ya asilimia 5 ina sukari gramu 25, ambayo haifiki ile ya soda moja.

Mama akiwa anameza na hatapiki, malaria isiyo kali kwa mtu mzima ni vidonge vya AL (artemether miligramu 20 na lumefantrine 120 kwa kidonge): vinne, vingine vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla 24, ameze na chakula chenye mafuta au maziwa. Akitapika kila kitu, akichanganyikiwa, akipata degedege, akishindwa kuketi, akihema kwa shida au mkojo ukiwa mweusi, mpeleke Russia, ile hospitali ya rufaa ya Jaramogi, usiku huu huu. Kutoka Kondele ni karibu, bodaboda wote wanapajua.

Zamu omba ruhusa. Na uniandikie hapa sasa: tangu asubuhi amekunywa nini, na kimekaa tumboni?