Kushtuka saa tisa usiku moyo ukidunda

Salaam mkuu. Umesema unashtuka saa tisa usiku, moyo unadunda, unapiga hesabu za marejesho mpaka adhana ya alfajiri. Yalinikuta hayo nilipofungua duka kwa mkopo. Kwanza kapime presha. Ikirudia kusoma 140/90 au zaidi, hayo si mawazo tu, muone daktari. Halafu angalia kahawa. Mimi nilikuwa napiga vikombe vitatu kijiweni baada ya magharibi, kumbe kafeini, ile dawa ya kahawa inayofukuza usingizi, huchukua kama masaa matano kupungua nusu tu mwilini! Nikaacha. Madeni nayaandika kwenye daftari jioni, nalifungia dukani. Simu inalala sebuleni (mke wangu alicheka sana). Wiki ya pili usingizi ukarudi. Vidonge vya usingizi sijawahi kutumia, huko sina la kukwambia.